Uganda: Jinsi Waumini wa Dini Mbalimbali Walivyojifunza Kuishi Pamoja

Mgeni anayefika Kampala kwa mara ya kwanza huonyeshwa vilima kabla ya kuonyeshwa barabara. Juu ya kilima cha Namirembe limesimama kanisa kuu la Waanglikana. Ng'ambo yake, juu ya Rubaga, kuna kanisa kuu la Wakatoliki. Kibuli una msikiti uliojengwa katika ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, na Kampala Kongwe una Msikiti wa Taifa, uliozinduliwa rasmi mwaka 2008. Kaskazini mwa jiji, katika kilima cha Kikaaya, lipo hekalu la Wabahai lililofunguliwa mwaka 1961. Alfajiri adhana husikika kutoka upande mmja na kengele kutoka upande mwingine, na wakazi wa mabondeni huamka kwa sauti zote mbili.

Mandhari hayo yanaweza kumfanya mgeni adhani kwamba watu wa dini hizo walipatana tangu siku ya kwanza. Historia ya Uganda haisemi hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19 waumini wa Buganda walipigana vita kwa jina la dini, wakachomeana nyumba na kufukuzana katika ardhi. Amani iliyopo leo ilijengwa baadaye, kwa sheria, kwa undugu wa ukoo, kwa huduma za pamoja na kwa ujasiri wa watu waliokuwa na sababu za kulipiza kisasi lakini hawakufanya hivyo. Makala haya yanaeleza jinsi ilivyojengwa na mahali ambapo bado ina nyufa.

Dini zilizofika kwa zamu

Uislamu ndio uliotangulia kufika katika kasri la Buganda. Uliletwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani, na mwaka 1844 hutajwa kuwa ndio mwaka ambao Ahmed bin Ibrahim aliingia kwa Kabaka Ssuuna wa Pili. Mrithi wake, Kabaka Muteesa wa Kwanza, alisoma Kurani, akafunga Ramadhani na kuwaamuru watu wa baraza lake wafanye vivyo hivyo.

Wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza waliwasili mwaka 1877, wakafuatwa na mapadri Wakatoliki Wafaransa mwaka 1879. Kwa hiyo katika muda wa chini ya nusu karne, kasri moja lilipokea dini tatu, na kila moja ilitaka kusikilizwa na mfalme peke yake. Watu waliwaita Waprotestanti kwa jina la Waingereza na Wakatoliki kwa jina la Wafaransa, jambo linaloonyesha jinsi imani ilivyochanganyika na siasa za mataifa ya mbali.

Kiswahili kilikuwa daraja katika siku hizo. Mazungumzo ya awali kati ya wageni na watu wa kasri yalifanyika kwa Kiswahili, na mmisionari Alexander Mackay alianza kufundisha kwa kutumia maandiko ya lugha hiyo. Alama zake zimebaki katika Kiganda hadi leo. Walioingia katika dini mpya waliitwa "abasomi", yaani wasomaji, kwa kuwa dini zote zilikuja na kitabu. Hata neno la dini lenyewe, "eddiini", lilipita njia hiyohiyo ya misafara ya pwani.

Mtihani wa kwanza ulihusu nyama na sala. Katikati ya miaka ya 1870 vijana Waislamu wa kasri walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa mfalme, na pia walikataa kusali nyuma ya kabaka ambaye hakuwa ametahiriwa. Muteesa aliona kukataa huko kuwa ni uasi. Wapatao 70 waliuawa. Miaka kumi baadaye, chini ya mwanawe Mwanga wa Pili, zamu ikawa ya Wakristo. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Waanglikana na Wakatoliki waliuawa pamoja, wengi wao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wakatoliki 22 miongoni mwao walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964.

Hivyo dini zote tatu zina mashahidi wao katika nchi hiyo moja. Jambo hilo lingeweza kuwafundisha huruma mapema. Halikuwafundisha.

Vita vya jirani kwa jirani

Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo waligundua kwamba Mwanga alikusudia kuwaangamiza wote kwa pamoja. Waliungana na kumwondoa madarakani mwezi Septemba. Umoja huo ulidumu kwa wiki chache tu. Mwezi Oktoba Waislamu waliwashinda Wakristo na kuwafukuza hadi Kabula, upande wa Ankole, kisha wakamtawaza Kalema kuwa kabaka Mwislamu. Wakristo walijipanga upya, wakarudi kwa silaha, na kufikia mwaka 1890 Mwanga alikuwa amerejeshwa katika kiti chake.

Adui wa pamoja alipoondoka, Wakristo wakageukiana. Tarehe 24 Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana katika vilima vya Mengo, ndani ya eneo ambalo leo ni jiji la Kampala. Kapteni Frederick Lugard, aliyewakilisha kampuni ya Waingereza, aliwapa Waprotestanti bunduki. Wakatoliki walishindwa, misheni yao ya Rubaga ikateketezwa, na wengi wakakimbilia Buddu.

Makubaliano yaliyofuata yaligawa ardhi na vyeo kwa misingi ya dini. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulithibitisha mgawanyo huo. Waziri mkuu, Apolo Kagwa, alikuwa Mwanglikana, na jaji mkuu, Stanislaus Mugwanya, alikuwa Mkatoliki. Waislamu, waliokuwa wametangulia kufika, walibakiwa na uongozi wa saza moja tu, Butambala. Kiongozi wao, Mwanamfalme Nuhu Mbogo, ndugu yake Muteesa, alikuwa amekubali kuweka silaha chini mwaka 1892 ili vita vikome. Uamuzi huo uliwanyima wafuasi wake madaraka, lakini uliokoa maisha ya watu wengi.

Athari za mgawanyo huo zilidumu kwa vizazi. Shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazazi wengi Waislamu waliogopa kwamba watoto wao wangebatizwa. Matokeo yake, Waislamu walikosa elimu iliyofungua milango ya kazi za serikali. Waliingia katika biashara ndogondogo, udereva na uchinjaji wa nyama. Siasa za uhuru nazo zilirithi mipaka hiyohiyo. Chama cha Democratic Party, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilivuta Wakatoliki wengi kiasi kwamba wapinzani wake walikitania kwa maneno ya Kiswahili, "Dini ya Papa". Chama cha Uganda People's Congress kilihesabiwa kuwa cha Waanglikana.

Amin, hofu na kisasi

Utawala wa Idi Amin, kuanzia mwaka 1971 hadi 1979, uliipima nchi upya. Amin alikuwa Mwislamu kutoka West Nile. Mwaka 1974 aliiingiza Uganda katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, ingawa Waislamu walikuwa wachache. Makanisa madogo yalipigwa marufuku, na jumuiya ndogo ya Wayahudi Waafrika karibu na Mbale ilikatazwa kufuata dini yake. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana aliuawa baada ya kupinga mauaji yaliyokuwa yakifanywa na utawala huo.

Waliouawa na utawala wa Amin walikuwa wa dini zote, Waislamu wakiwemo. Hata hivyo, utawala ulipoanguka mwaka 1979, baadhi ya watu waliwahesabia Waislamu wote makosa ya mtu mmoja. Katika eneo la Ankole, magharibi mwa nchi, Waislamu walishambuliwa na kuuawa na watu waliowajua kwa majina, na misikiti na nyumba zao zikaharibiwa. Mauaji hayo hayatajwi mara nyingi katika simulizi za taifa, lakini ni somo zito kuliko mengine: jamii inapozoea kumwona kiongozi kama mwakilishi wa dini yake, anguko la kiongozi huyo huwaangukia majirani wasio na hatia.

Ukoo, msiba na kisu cha kuchinjia

Pamoja na majeraha hayo, maisha ya kila siku yaliendelea kuwaunganisha watu. Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba Wakatoliki walikuwa asilimia 39.3 ya wananchi, Waanglikana asilimia 32, Waislamu asilimia 13.7 na Wapentekoste asilimia 11.1. Hakuna dini wala dhehebu lenye zaidi ya nusu ya watu. Muhimu zaidi, dini hizo hazikugawana makabila. Ndani ya kabila moja, ndani ya kijiji kimoja na mara nyingi ndani ya nyumba moja wamo Wakristo na Waislamu.

Nguzo ya kwanza ya maelewano ni ukoo. Katika Buganda mtu huzaliwa katika ukoo wa baba yake, wenye mwiko wake wa mnyama au mmea, na ukoo huo haubadiliki anapobadili dini. Mwislamu na Mkatoliki wa ukoo mmoja ni ndugu, hawawezi kuoana, na mmoja anapofariki mwingine ana wajibu wa kufika. Mazishi yatafanywa kwa taratibu za dini ya marehemu, lakini sherehe ya kumtaja mrithi na kuhitimisha msiba ni ya ukoo mzima. Familia ya kifalme yenyewe ni mfano: Badru Kakungulu, kiongozi wa Waislamu kwa miaka mingi, alikuwa wa ukoo uleule wa makabaka waliosali katika kanisa la Namirembe.

Nguzo ya pili ni chakula. Nyama, iliyogharimu maisha ya vijana wa kasri katika enzi za Muteesa, baadaye iligeuka kuwa njia ya kukutana. Katika sehemu nyingi za Uganda mwenye harusi au msiba, hata akiwa Mkristo, humwita Mwislamu achinje, ili pasiwe na mgeni atakayerudi nyumbani na njaa. Mabucha mengi pia hufuata desturi hiyo. Mkristo hapotezi chochote katika imani yake, na Mwislamu hapati sababu ya kukaa mbali na meza. Sikukuu nazo zina utaratibu wake usioandikwa. Siku ya Idi sahani za pilau huvuka ua kwenda kwa jirani, na siku ya Krismasi sahani hizo hurudi zikiwa na chakula kilichopikwa kwa namna ambayo mwenye nyumba anajua jirani yake ataweza kukila.

Jambo la kuzingatia katika desturi hizi ni kwamba hazimtaki mtu yeyote apunguze imani yake. Zinamtaka aijue imani ya mwenzake vya kutosha ili asimkwaze.

Hospitali na shule bila kuulizana dini

Nguzo ya tatu ni huduma. Kampala ina hospitali kongwe za Kianglikana huko Mengo, za Kikatoliki huko Nsambya na Rubaga, na ya Kiislamu huko Kibuli. Mgonjwa huenda palipo karibu au palipo na daktari anayemhitaji. Vyuo vikuu vimefuata mwenendo huo. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, na kinapokea wanafunzi wasio Waislamu. Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, cha Wakatoliki, kilianza Nkozi mwaka 1993. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Waanglikana kilianza Mukono mwaka 1997.

Janga la Ukimwi liliwalazimisha viongozi wa dini kukaa pamoja kwa namna ambayo mahubiri pekee hayakuweza. Chama cha Madaktari Waislamu cha Uganda, kilichoundwa mwaka 1988, kiliwafundisha maimamu jinsi ya kuzungumza na familia kuhusu maambukizi. Kwa upande wa Waanglikana, Kasisi Gideon Byamugisha alitangaza hadharani mwaka 1992 kwamba anaishi na virusi, akawa kiongozi wa kwanza wa dini barani Afrika anayejulikana kufanya hivyo. Ugonjwa haukuchagua msikiti wala kanisa, na yatima walioachwa walilelewa na yeyote aliyekuwa na nafasi.

Kutokana na uzoefu huo Baraza la Dini Mbalimbali la Uganda liliundwa mwaka 2001, likiwakutanisha Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu, na baadaye madhehebu mengine. Kabla yake, tangu mwaka 1963, Wakristo walikuwa na baraza lao la pamoja, hatua kubwa kwa wajukuu wa waliopigana Mengo. Baraza la mwaka 2001 lilipanua meza hiyo. Hushughulikia afya, uchaguzi wa amani na usuluhishi, na viongozi wake hutoa matamko kwa pamoja wakati nchi inapokumbwa na wasiwasi.

Maaskofu na masheikh waliolala barabarani

Mfano unaotajwa zaidi nje ya Uganda ulitoka kaskazini. Kwa takriban miaka 20, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, eneo la Acholi liliteswa na vita kati ya jeshi la serikali na waasi wa Lord's Resistance Army wa Joseph Kony, waliodai kupigana kwa amri za Mungu. Watoto walitekwa na kulazimishwa kuua. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kambini.

Mwaka 1997 viongozi wa dini wa eneo hilo waliunda Jumuiya ya Amani ya Viongozi wa Dini wa Acholi. Ndani yake walikuwamo Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Kanisa Katoliki, Askofu Macleod Baker Ochola wa Kanisa Anglikana na Sheikh Musa Khalil wa Waislamu, pamoja na Waorthodoksi. Hawakuzungumzia msamaha kama watu walioutazama msiba kwa mbali. Mke wa Askofu Ochola aliuawa na bomu lililotegwa ardhini mwaka 1997, naye aliendelea kuwaomba watu wake wasilipize.

Viongozi hao walikwenda porini kukutana na makamanda wa waasi, huku wakishukiwa na pande zote mbili. Walishinikiza kupitishwa kwa Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, iliyowawezesha maelfu ya wapiganaji, wengi wao wakiwa wametekwa wakiwa watoto, kuacha silaha na kurudi nyumbani. Mwaka 2003, wakati maelfu ya watoto walipokuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini hadi mjini Gulu ili wasitekwe usiku, maaskofu, mapadri na masheikh walichukua blanketi zao wakaenda kulala barabarani pamoja na watoto hao kwa siku kadhaa. Picha za wazee wa dini tofauti wakiwa wamelala sakafuni upande mmoja zilisambaa duniani na kuifanya vita iliyosahauliwa ionekane. Mwaka 2004 jumuiya hiyo ilipewa Tuzo ya Amani ya Niwano nchini Japani.

Umuhimu wa tukio hilo haukuwa tuzo. Waasi walitumia jina la Mungu kuwateka watoto. Jibu lililoeleweka na kila mzazi lilikuwa kuwaona watu wa Mungu, wa kila dini, wakiwa upande wa mtoto.

Kahawa ya amani tamu

Mashariki mwa nchi, katika miteremko iliyo karibu na Mbale, kuna mfano wa kiuchumi. Huko wanaishi Abayudaya, Waafrika wanaofuata dini ya Kiyahudi. Jumuiya yao ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, mkuu wa vita Mganda aliyekuwa Mkristo kabla ya kuisoma Agano la Kale na kuamua kulifuata kwa ukamilifu. Wakati wa Amin walibaki mamia machache tu, wakisali kwa siri.

Mmoja wao, mkulima na mwanamuziki J.J. Keki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na aliyashuhudia mashambulizi ya siku hiyo. Aliporudi kijijini alianza kupita nyumba hadi nyumba kwa majirani zake Waislamu na Wakristo. Hoja yake ilikuwa rahisi. Wote walilima kahawa ileile, waliuza kwa walanguzi walewale kwa bei ndogo, na kila mmoja peke yake hakuwa na nguvu ya kukataa bei hiyo. Mwaka 2004 walianzisha chama cha ushirika walichokiita Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Uongozi ulichukuliwa kutoka dini zote tatu, na kahawa yao ilianza kuuzwa Marekani kwa utaratibu wa biashara ya haki.

Ushirika huo haukuwataka wanachama wasali pamoja. Uliwataka wapime kahawa kwa mizani moja na kugawana mapato kwa uwazi, huku kila mmoja akipewa siku yake ya ibada: Ijumaa, Jumamosi au Jumapili. Kuaminiana kwa mashamba hayo kulionekana hata katika siasa. Mwaka 2016 Rabi Gershom Sizomu alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, jimbo ambalo Wayahudi ni wachache sana. Aliingia bungeni kwa kura za Wakristo na Waislamu.

Sheria inasema nini

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imeweka mipaka ambayo wapiganaji wa mwaka 1892 hawakuwa nayo. Ibara ya 7 inasema kwamba nchi haitakuwa na dini ya taifa. Ibara ya 29 inalinda haki ya kila mtu kufuata dini yake na kushiriki katika taratibu zake. Ibara ya 71 inakataza chama cha siasa kujengwa kwa misingi ya dini, zuio linalotokana moja kwa moja na kumbukumbu za vyama vya enzi za uhuru. Ibara ya 129 inalipa Bunge uwezo wa kuunda mahakama za kadhi kwa ajili ya ndoa, talaka, mirathi na malezi ya watoto miongoni mwa Waislamu. Sikukuu za Idi zote mbili, Krismasi, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Siku ya Mashahidi ni mapumziko ya taifa zima.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa haimalizi kila mgongano. Wanafunzi Waadventista Wasabato walikishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa kuweka masomo na mitihani siku ya Jumamosi, wakidai kwamba walilazimishwa kuchagua kati ya elimu na amri ya imani yao. Mahakama ya Katiba ilikataa ombi lao mwaka 2003, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo mwaka 2006. Kesi hiyo ilionyesha swali gumu la jamii yenye dini nyingi: je, inatosha kutomkataza mtu imani yake, au taasisi inapaswa pia kupanga ratiba zake ili mwenye imani ya wachache asiumie?

Nyufa zilizobaki

Swali hilo lingali hai. Katika shule nyingi zilizoanzishwa na makanisa au misikiti, wazazi wa dini nyingine hulalamika kwamba watoto wao hutakiwa kuhudhuria ibada zisizo zao, au kwamba wasichana Waislamu huzuiwa kuvaa hijabu. Waislamu wengi pia walisubiri kwa miaka mingi ahadi ya Katiba kuhusu mahakama za kadhi.

Usalama ni ufa mwingine. Tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu ya kundi la al-Shabaab yaliua watu zaidi ya 70 mjini Kampala. Mwezi Novemba 2021 jiji lilishambuliwa tena, na mwezi Juni 2023 wapiganaji wa kundi la ADF waliua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa wanafunzi, katika shule ya Mpondwe iliyo karibu na mpaka wa Kongo. Kila baada ya tukio la namna hiyo Waislamu wa kawaida wamekuwa na hofu maradufu: hofu ya mabomu kama wananchi wengine, na hofu ya kushukiwa. Masheikh kadhaa wenyewe wameuawa kwa risasi tangu mwaka 2012. Waliokumbuka yaliyotokea Ankole mwaka 1979 walijua kwa nini ilikuwa lazima maaskofu wasimame pamoja na mufti na kusema kwamba mhalifu hahukumiwi kwa dini yake.

Inafaa pia kusema kwamba ugomvi mwingi wa miaka ya karibuni umekuwa ndani ya dini, wala si kati ya dini na dini. Waislamu wamegawanyika kati ya uongozi wa Kampala Kongwe na ule wa Kibuli kutokana na mabishano kuhusu mali za jumuiya. Wakristo wa makanisa ya zamani na wa makanisa mapya ya Kipentekoste wamerushiana maneno makali kuhusu mafundisho na waumini. Mwenye kutaka maelewano na dini jirani mara nyingi hulazimika kuanza na nyumba yake mwenyewe.

Somo la Namugongo

Kila mwaka, siku za kuelekea tarehe 3 Juni, mahujaji hutembea kwa miguu kwenda Namugongo kutoka kila pembe ya Uganda, na wengine kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Wakatoliki wana madhabahu yao hapo, na Waanglikana wana yao, umbali mfupi kutoka pale. Waislamu nao wanawakumbuka wenzao waliouawa katika enzi za Muteesa, kabla ya Wakristo.

Kwa muda mrefu kila jumuiya ilisimulia sehemu yake tu ya kisa hicho. Wanapokisimulia chote, maana yake hubadilika. Huonekana kwamba vijana wa dini tatu tofauti waliuawa na mamlaka ileile kwa kosa lilelile la kuwa na dhamiri isiyoamriwa na mfalme, na kwamba waliobaki wa dini hizo, walipopata bunduki, walitendeana yaleyale. Anayeijua historia hiyo yote hawezi kudai kwamba dini yake ilikuwa mwathirika daima, wala kwamba ya jirani ilikuwa mkosaji daima.

Wazee husema jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Katika Uganda jirani huyo, na mara nyingi ndugu huyo, ni wa dini nyingine. Ndiyo maana mwenye sherehe huuliza mapema nani atachinja, na ndiyo maana kengele na adhana zinaendelea kusikika juu ya mabonde yaleyale.